Saa Nane ya Nani? Wito wa Kuandika Wakati kwa Namna Moja Hospitalini

Jioni moja, nikiwa katika hospitali niliyokuwa nikitoa huduma upande wa Korogwe, aliletwa mama mjamzito aliyepewa rufaa kutoka kituo kimoja cha vijijini Handeni. Alikuwa na kifafa cha mimba. Barua yake ya rufaa ilikuwa imeandikwa kwa uangalifu: shinikizo la damu, umri wa mimba, idadi ya mara alizopata degedege, na kwamba alifika kituoni asubuhi ya siku ile ile. Kuhusu dawa, mstari mmoja ulisema: "Magnesiamu salfeti, dozi ya kwanza, 8:00." Saa ya ukutani wodini ilionyesha saa kumi jioni.

Kwa msomaji asiye mhudumu wa afya, sina budi kueleza kwa nini mstari huo ulitusimamisha. Magnesiamu salfeti ndiyo dawa ya kuzuia degedege kwa mwenye kifafa cha mimba. Huanza kwa dozi kubwa, kisha, kwa wanaochomwa sindano ya msuli, hufuata dozi ndogo kila baada ya saa nne, hadi zitimie saa 24 tangu mama ajifungue au tangu degedege la mwisho. Ikichelewa, degedege hurudi na laweza kumwua mama na mtoto. Ikizidi, hulegeza misuli, hupunguza kupumua na hata kukomesha kabisa. Kwa dawa hii, kujua saa ni sehemu ya tiba.

Sasa, ile 8:00 ilikuwa saa ngapi? Kama mwandishi alitumia saa za kimataifa, ilikuwa saa mbili asubuhi: saa nane zimepita, dozi mbili zimerukwa, na mama hana kinga. Daktari mwenye haraka angeweza hata kushawishika kuanza upya kwa dozi ile kubwa. Lakini kama mwandishi alitumia saa za Kiswahili, ilikuwa saa nane mchana, yaani saa mbili tu zilizopita, na kuanza upya kungekuwa hatari kubwa.

Tulipiga simu kituoni, haikupokelewa. Tulimpima mama kama inavyotakiwa kabla ya kila dozi: goti liliitika lilipogongwa, pumzi zilitosha, mkojo ulikuwa ukitoka. Vipimo hivyo vilitutuliza kuhusu hali aliyokuwa nayo wakati ule, lakini havikutuambia dozi ilitolewa lini. Nikamwendea mama yake mzazi, aliyekuwa ameketi barazani na kanga ya mtoto mapajani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Ana hali gani binti yangu?"

"Tunaye, mama, tunamhudumia. Naomba unikumbushe: kule kituoni, zile sindano alichomwa wakati gani?"

"Sikuwa na saa, mwanangu. Adhana ya adhuhuri ilikuwa imekwisha, watu wameshaswali, ndipo wakamchoma. Ya alasiri tumeisikia tukiingia hapa."

Hapo tukajua. Ile 8:00 ilikuwa saa nane mchana, yaani 14:00. Dozi iliyofuata tulimpa saa kumi na mbili jioni, na usiku ule akajifungua salama. Bibi asiye na saa alitaja wakati kwa usahihi kuliko karatasi yetu, kwa kuwa aliufunga na jambo ambalo kila mtu aliliona au kulisikia. Karatasi yetu ilitoa tarakimu bila kusema zimetoka katika hesabu ipi.

Hesabu mbili, siku moja

Hoja yangu katika makala haya ni moja: katika huduma za afya, wakati wowote unaoandikwa lazima uelekeze kwenye nukta moja tu ya siku, na kazi ya kuugeuza kutoka hesabu ya wananchi kwenda hesabu ya kumbukumbu iwe na kanuni iliyokubaliwa. Isiachwe kwenye kichwa cha muuguzi aliyechoka.

Wapo wenzangu wanaosema dawa ya tatizo hili ni kuwafundisha wagonjwa waache saa za Kiswahili. Sikubaliani nao. Hesabu yetu haina kasoro. Handeni na Korogwe ziko karibu na mstari wa ikweta, na tofauti kati ya mchana mrefu kabisa na mfupi kabisa wa mwaka haifiki saa moja. Jua huchomoza mnamo saa kumi na mbili asubuhi na kuzama mnamo saa kumi na mbili jioni, Januari hata Desemba. Kuhesabu saa kumi na mbili za mchana tangu macheo, na saa kumi na mbili za usiku tangu machweo, ni kuhesabu kile ambacho mkulima wa Handeni anakiona kwa macho yake. Waethiopia nao huhesabu saa zao kwa namna hiyo hiyo, na hospitali zao zinafanya kazi.

Tatizo huanza pale hesabu mbili zinapotumia tarakimu zile zile bila alama ya kuzitofautisha. Katika saa ya mishale jambo hilo halikutusumbua sana, kwa sababu tofauti ya saa sita ni nusu ya duara kamili: mshale ukielekea 2, tunasoma namba iliyo mkabala nayo na kusema saa nane. Jicho lilizoea. Lakini skrini ya kompyuta haina mkabala. Mhudumu anayeona 14:00 lazima apige hesabu kichwani, na anayesikia "saa nane" kisha kuandika lazima aipige kinyume. Akifanya hivyo mara arobaini katika zamu moja ya usiku, ipo mara atakayosahau.

Kanuni yenyewe ni fupi. Saa za mchana, tangu saa moja asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni, ongeza 6. Saa nane mchana ni 14:00. Saa kumi na mbili jioni ni 18:00. Saa za usiku, tangu saa moja usiku hadi saa kumi na mbili alfajiri, ongeza 18; ukipata 24 au zaidi, toa 24. Saa tatu usiku ni 21:00. Saa saba na robo usiku huwa 25:15, ukitoa 24 unapata 01:15. Na hapa pana jambo ambalo wengi hulisahau: kila unapotoa 24, tarehe imeshasonga siku moja kutoka ile ya jioni usiku ulipoanza.

Usiku wa lini?

Mtoto wa yule mama alizaliwa saa saba na robo usiku. Katika daftari la wodi ya wazazi aliandikwa kuwa amezaliwa tarehe ya siku ile mama alipoletwa. Katika kadi yake aliandikwa tarehe ya kesho yake. Waandishi wote wawili walikuwa watu makini. Wa kwanza aliuona usiku kuwa mwendelezo wa siku aliyoingia zamu. Wa pili alifuata kalenda, ambayo huanza siku mpya saa sita usiku. Tulisahihisha asubuhi yake, lakini laiti mtoto yule angepata manjano siku iliyofuata, tofauti ile ingekuwa na uzito. Manjano yanayotokea ndani ya saa 24 za kwanza ni dalili ya hatari inayotaka hatua za haraka, na daktari hupima kiwango chake kwa kulinganisha na umri wa mtoto kwa saa, wala si kwa siku.

Tena, katika mwambao na sehemu nyingi za mkoa wetu wa Tanga, siku ya wazee huanza magharibi, jua linapozama. Kwao "usiku wa Ijumaa" ni usiku unaotangulia mchana wa Ijumaa, ambao kijana wa shule atauita Alhamisi usiku. Ndiyo maana watangazaji wa redio husema "usiku wa kuamkia Ijumaa", maneno ambayo hayana shaka. Mfikirie mtu anayefika Jumatatu asubuhi akieleza kwamba alipatwa na jambo lililomweka katika hatari ya VVU "usiku wa Ijumaa, kama saa tatu". Dawa za kuzuia maambukizi hutakiwa zianze ndani ya saa 72. Kama ni usiku wa kuamkia Ijumaa, muda huo ulikwisha Jumapili saa tatu usiku. Kama ni usiku wa kuamkia Jumamosi, bado upo hadi usiku wa Jumatatu hiyo hiyo. Swali moja la nyongeza, "usiku wa kuamkia siku gani?", ndilo linaloamua kama mtu huyu anapewa dawa au harudishiwi nafasi hiyo tena.

"Baada ya saa nane"

Lugha yetu ina mtego mwingine. Neno "saa" hutaja nukta ya wakati na hutaja pia urefu wa wakati. Dawa mseto ya malaria, ALu, hutolewa kwa dozi sita ndani ya siku tatu, na dozi ya pili hufuata ya kwanza baada ya muda wa saa nane. Mhudumu humwambia mama: "Mpe dozi ya pili baada ya saa nane." Mama aliyempa mtoto dozi ya kwanza saa nne asubuhi anaweza kuelewa: ikishapita saa nane mchana. Naye atampa mtoto dozi ya pili baada ya muda wa saa nne, badala ya kusubiri hadi saa kumi na mbili jioni. Hakukosea. Amefuata maneno kama alivyoyasikia.

Wataalamu wa lugha hutukataza kusema "masaa", na katika maandishi nami hufuata sarufi. Hata hivyo, nakiri kwamba mama wa sokoni anaposema "masaa manane" ameondoa shaka ambayo usahihi wetu umeiacha. Anayetaka kufuata sarufi na kulinda mgonjwa aseme "baada ya muda wa saa nane", kisha ataje nukta yenyewe: "yaani leo saa kumi na mbili jioni."

Vivyo hivyo kwenye bahasha za dawa tunaandika "kutwa mara mbili". Kutwa, kwa Kiswahili cha kawaida, ni mchana wote tangu macheo hadi machweo. Mchana na usiku pamoja ni "kutwa kucha". Mgonjwa anayemeza kidonge saa mbili asubuhi na cha pili saa kumi alasiri ametii bahasha neno kwa neno, ingawa mwandishi alikusudia mwachano wa saa 12. Kuandika "saa 2 asubuhi na saa 2 usiku" hakugharimu wino mwingi zaidi.

Kompyuta huutunzaje wakati

Vituo vyetu vinahama kutoka madaftari kwenda mifumo ya kielektroniki, na takwimu za MTUHA hupitia kompyuta. Huu ndio wakati mwafaka wa kulirekebisha jambo hili, kwa maana programu ikishazoeleka, kuibadili ni kazi kubwa.

Ndani ya kompyuta nyingi, wakati hautunzwi kama "saa nane mchana" wala kama "14:00". Hutunzwa kama hesabu moja ndefu, aghalabu idadi ya sekunde zilizopita tangu tarehe 1 Januari 1970, saa sita usiku kwa majira ya Greenwich. Hesabu hiyo ni moja kwa dunia nzima. Mtu wa Korogwe anapoisoma, programu huongeza saa tatu, kwa kuwa Tanzania, pamoja na Kenya na Uganda, iko saa tatu mbele ya Greenwich mwaka mzima. Ni kama mtoto mwenye jina la nyumbani na jina la shule: majina mawili, mtoto mmoja. Nukta ya wakati ni moja. 14:00 na saa nane mchana ni majina yake.

Kwa hiyo programu inaweza kuonyesha majina yote mawili bila kugusa nukta yenyewe. Hilo halijafanyika katika vifaa vingi. Simu ikiwekwa Kiswahili hutafsiri majina ya siku na miezi, lakini hesabu ya saa hubaki ya kimataifa. Wakati huo huo, DHIS2, programu ya takwimu za afya inayotumika Tanzania na nchi nyingine nyingi, inaweza kuonyesha tarehe kwa kalenda ya Ethiopia, ambayo ina miezi kumi na mitatu. Ikiwa kalenda nzima imeweza kutafsiriwa, saa sita haziwezi kuwa mlima.

Kisichofaa ni njia ya mkato ambayo nimeiona kwa watu wenye nia njema: kurudisha nyuma saa ya kompyuta au simu ya kazini ili isomeke kwa Kiswahili. Kufanya hivyo hakubadili jina la wakati, kunabadili nukta. Kila rekodi inayoandikwa na kifaa hicho itaonekana kutukia saa sita kabla. Jibu la maabara litaonekana limetoka kabla sampuli haijachukuliwa. Pia kompyuta ambayo betri yake ndogo ya saa imekufa huweza kurudi kwenye tarehe ya zamani kila umeme unapokatika, na isipounganishwa na mtandao hubaki huko. Kutazama tarehe na saa ya kompyuta mwanzoni mwa zamu liwe jambo la kawaida kama kuhesabu dawa za dharura.

Korogwe si mgeni wa nidhamu hii. Ilikuwa miongoni mwa vituo 11 vya Afrika vilivyoshiriki jaribio la awamu ya tatu la chanjo ya malaria ya RTS,S lililoanza mwaka 2009, pamoja na vituo vya nchi kama Ghana, Burkina Faso na Msumbiji, ambazo majira yake si yetu. Utafiti wa aina hiyo hauwezekani bila wakati wa kila chanjo na kila homa kuandikwa kwa kanuni moja. Ninachoomba ni kwamba mgonjwa wa kawaida, asiye katika utafiti wowote, apewe uangalifu ule ule.

Tufanye nini

Kwa wahudumu wenzangu: katika barua za rufaa, chati za uchungu na chati za dawa, tuandike saa kwa tarakimu nne za mfumo wa saa 24, pamoja na tarehe kamili. Tuandike 14:00 au 02:00. Tusiandike kamwe 8:00 pekee. Panapo nafasi, tuongeze jina la pili: "14:00 (saa 8 mchana)". Mgonjwa anapotaja wakati, tuuandike kama alivyousema kisha tuugeuze kando yake, ili atakayekuja baadaye aweze kukagua hesabu yetu. Na tunapozungumza naye, turudi kwenye saa zake. Mfumo wa saa 24 ni wa karatasi na mashine; haukutungwa ili kumtisha bibi aliyeketi barazani.

Kwa wagonjwa na ndugu: ukiambiwa saa, uliza ni ya asubuhi, mchana au usiku, na usiku wa kuamkia siku gani. Kuuliza si ujinga. Kama huna saa, taja adhana, kengele ya shule, basi la asubuhi, chochote kilichotukia wakati huo. Usione haya, kwangu maneno ya namna hiyo yalikuwa na thamani kuliko tarakimu.

Kwa wanaotengeneza na kununua mifumo: skrini ionyeshe wakati kwa majina yote mawili. Mhudumu anapoandika 8:00, mfumo umwulize: "Saa mbili asubuhi au saa nane mchana?" Tena mfumo utenganishe muda wa tendo na muda wa kuandika. Umeme ukikatika mchana, muuguzi huandika kwenye karatasi na kuingiza jioni. Mfumo unaoweka muda wa kuingiza peke yake utasema dozi ya saa sita mchana ilitolewa saa moja usiku, na wa zamu inayofuata ataahirisha dozi ambayo imeshachelewa.

Najua tuna upungufu wa watumishi, wa dawa na wa magari, na mtu anaweza kuona kwamba kuzungumzia tarakimu ni anasa. Lakini hili halihitaji bajeti wala kibali. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Yule mama wa Handeni alikuwa na daftari. Ilibaki kidogo tu apotee kwa sababu ya neno moja lililokosekana ndani yake. Barua ya rufaa utakayoiandika leo, kabla hujaikunja, itazame upya na ujiulize kama mtu wa Korogwe ataisoma saa ile ile uliyoikusudia ukiwa Handeni.